Miezi Kumi na Minne Kitini

Muuza dawa alimimina kidonge kimoja kwenye kiganja chake, akakigeuza kwa ncha ya kidole, kisha akanitazama kwa juu ya miwani kama mtu anayepima iwapo namfanyia mzaha.

"Mwalimu, hizi amekuandikia nani?"

Nilimweleza kwamba ni dawa zangu za moyo. Nilikuwa nimezimeza kwa mwaka na miezi miwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kukosa. Aliyekuwa akiniletea ni binti yangu, muuguzi, kutoka hospitali anakofanya kazi. Lakini alikuwa amesafiri kwa semina ya siku tatu, siku tatu zikageuka kuwa wiki, na ndani ya bahasha ya kaki vilikuwa vimebaki vidonge vinne tu. Alikuwa ameniasa nisithubutu kuruka hata siku moja. Ndiyo maana niliwaacha wajukuu kwa jirani, nikateremka ngazi za ghorofa tatu, bega likisugua ukuta, nikipumzika kila baada ya hatua tano.

Muuza dawa yule alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mmoja wa wale waliokuwa wakijificha chooni kipindi cha michezo kikifika. Nilimtoa huko mara nyingi kiasi kwamba hata sasa, na mvi zake, hakuweza kuzungumza nami bila kusimama wima. Labda ndiyo sababu alishindwa kunidanganya.

"Hizi ni vitamini, mwalimu. Za kuongeza damu. Nawapa kina mama wajawazito." Alikirudisha kidonge ndani ya bahasha taratibu, kama kwamba kingevunjika. "Hazina madhara. Lakini habari za moyo hazizijui kabisa."

Mteja aliyekuwa nyuma yangu alikohoa. Nikasema asante, nikageuka kutoka, nikakosea mlango, nikawa nasukuma kioo cha kabati la sabuni.

Nilifundisha michezo kwa miaka thelathini na mmoja. Shuleni waliniita Filimbi, na mtaani hata walionizidi umri wakaishia kuniita hivyo hivyo. Sikuwa mwanariadha wa kutajika, wala sikuwahi kushinda kikombe cha maana. Nilichokuwa nacho ni imani moja, niliyoishikilia kama wengine wanavyoshikilia dini: kwamba mwili umeumbwa utembee, na hakuna umri ambao unatakiwa kuambiwa basi. Mtoto aachwe aruke. Kijana akimbizwe. Mjamzito atembee. Aliyejifungua anyooshe mgongo. Mzee ainue miguu, akishindwa miguu ainue mikono, na akishindwa mikono ageuze shingo atazame nani kaingia chumbani.

Binti yangu nilimlea hivyo. Alikimbia mita mia nane kabla hajajua kusoma saa. Alipokuwa na mimba ya pacha nilimtembeza kila jioni mpaka wiki ya mwisho, naye akinisema njia nzima, mara miguu imevimba, mara mimi sina huruma, mara kwa nini hakuzaliwa na mama anayependa kufuma vitambaa. Tulikuwa tukicheka mpaka wapita njia wanageuka.

Nilipostaafu nilihamia kwake, ghorofa ya tatu, jengo linalotazamana na uwanja wa shule niliyofundisha. Mkuu wa shule aliniruhusu kuutumia uwanja alfajiri, kabla wanafunzi hawajafika. Nilianza na mtu mmoja, fundi cherehani ambaye mgongo ulikuwa umempinda kwa kuinamia mashine. Baada ya miaka mitatu tulikuwa tisa. Hakuna aliyekuwa chini ya miaka sitini. Tulizunguka uwanja, tukanyoosha viungo, tukakaa na kuinuka kwenye benchi mara ishirini, tukitaniana kama watoto wa darasa la pili.

Kati yao alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa treni. Alikuwa amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ulining'inia kama wa koti lililotundikwa. Nilianza kumfanyisha mazoezi kwa taulo: ashike ncha moja kwa mkono mzima, ncha nyingine kwa mkono mgonjwa, mzima umvute mgonjwa. Ilichukua miezi saba mkono ule kufika sikioni. Siku ulipofika, alitoa kitana mfukoni, akachana nywele zake mbele yetu sote. Nywele zenyewe hazikuzidi ishirini, na alizichana moja moja. Mkewe alikaa chini kwenye nyasi akajifunika uso kwa kanga.

Mwezi wa tano wa mwaka ule nikapata kizunguzungu uwanjani. Si kikubwa, nilikuwa sijanywa maji. Lakini fundi cherehani alimpigia binti yangu simu, na binti yangu akanipeleka hospitali anakofanya kazi siku ileile. Nikabandikwa nyaya kifuani, nikapimwa damu, nikapandishwa kwenye ile mashine unayotembea bila kufika popote. Nilikuwa bado nafunga vifungo vya blauzi wakati daktari akizungumza na binti yangu koridoni. Niliwaona kwa upenyo wa mlango. Daktari alikuwa akitabasamu. Nilidhani ni tabasamu lao la kazi.

Tulipofika nyumbani alinikalisha sebuleni, akanishika mikono yote miwili.

"Mama, moyo umechoka. Umepanuka. Hutakiwi kukimbia, hutakiwi kuruka, hata ngazi zenyewe ni pale inapobidi tu. Sasa hivi dawa yako kubwa ni kukaa."

Alilia alipokuwa akisema. Machozi yale ndiyo yaliyoniaminisha. Hadi leo sijui yalikuwa ya nini.

"Na wenzako wa uwanjani usiwaambie," akaongeza. "Watapanda huku kukupa pole, na wewe nakujua, utateremka nao. Nitawaambia unapumzika."

Nikaamini. Alikuwa mwanangu, alikuwa muuguzi, na alikuwa ameshika karatasi mkononi. Kesho yake alfajiri niliamka saa ile ile niliyozoea, nikavaa raba, nikakumbuka, nikazivua.

Kiti kilikuwa cha mbao, chenye mto wa maua, kando ya dirisha. Msichana wa kazi aliyekuwa akiwalea pacha aliondoka wiki ileile, nami sikuunganisha mambo. Baba yao alifanya kazi mbali na alikuja kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa tu, ilionekana ni jambo la kawaida watoto wakae nami. Walikuwa na miaka mitatu, wasichana wawili wenye miguu isiyotulia. Niliwalea kwa sauti. Shuka mezani. Achia pazia. Njooni hapa mkae karibu na bibi. Nao, kwa kuwa bibi hakuinuka kuwafukuza, wakazoea kukaa. Tulitazama katuni watatu sambamba, miguu yao ikining'inia na yangu ikivimba.

Mwili haupigi kelele unapoondoka. Ulianza kwenye mashavu ya miguu: siku moja nikivaa soksi nikaona ngozi inabaki mkononi, hakuna kilichomo ndani. Kisha mapaja. Kisha ikawa kutoka kitandani ni mpango wa hatua tatu, kugeuka ubavu, kushika meza, kuhesabu. Mwezi wa tisa wa kukaa kwangu nilianguka bafuni kwa sababu tu goti lilikataa. Binti yangu alinifunga kifundo cha mkono kwa bandeji, vizuri sana, kitaalamu, akasema, "Unaona sasa, mama, ungekuwa unakimbia huko ingekuwaje?"

Na dirishani nilikuwa nawaona wenzangu. Mwanzoni walikuwa wanane, wakizunguka uwanja kwa mpango nilioupanga mimi. Halafu saba. Halafu wanne, wamekaa kwenye benchi zaidi ya kuinuka. Dereva wa treni aliacha kuja wakati wa mvua. Mwisho akabaki fundi cherehani peke yake, amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akiangaza madirisha ya jengo letu moja baada ya jingine. Nilijivuta nyuma ya pazia. Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa mtupu.

Siku ya pili baada ya duka la dawa nilikwenda hospitali. Nilimwomba jirani mmoja mwenye gari anipeleke, nikamwambia ni macho.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinikumbuka, au alijifanya kunikumbuka. Akafungua faili, akasoma, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Mama, moyo wako hauna tatizo. Tulikuambia hivyo."

"Hamkuniambia mimi."

Kisha akaligeuza faili likanielekea, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. Mwandiko wa madaktari kwa kawaida hausomeki, lakini wake ulisomeka: *Kizunguzungu kwa upungufu wa maji. Moyo mzuri kuliko umri. Aendelee na mazoezi.*

Maneno matatu ya mwisho aliyapigia mstari.

Nilimwomba nakala. Aliponipa, aliniuliza kama ningependa kuzungumza na mtu yeyote wa utawala wa hospitali. Nilielewa anachouliza. Nikamwambia hapana, ni mambo ya nyumbani. Sikumlinda binti yangu. Sikutaka tu mtu mwingine awahi kumuuliza kabla yangu.

Kutoka hospitali nilimwelekeza jirani kwa dereva wa treni. Mkewe alifungua mlango, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akapisha bila kunikaribisha kwa maneno. Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameegemeshwa mito. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani mwake, vidole vimejikunja kwa ndani, na mtu alikuwa amemwekea kitambaa kiganjani ili kucha zisimchome.

"Filimbi," alisema. "Nilidhani umetuchoka."

Nilitaka kumweleza kila kitu, tangu nyaya za kifuani hadi kidonge kwenye kiganja cha muuza dawa. Lakini nilijisikia nikianza sentensi na jina la mwanangu, na mdomo ukagoma. Nikamwambia niliumwa.

"Tungekuja kukuona," alisema. "Hata kwa kubebwa ningekuja." Hakusema kwa lawama, alisema kama mtu anayetoa taarifa. Mkewe, kutoka mlangoni, akasema kwamba kwa miezi miwili ya kwanza mzee alikuwa akivaa viatu kila alfajiri, akiuliza kama mwalimu amerudi.

Nilikaa nao nusu saa. Niliondoka nikiwa msaliti wa watu wanane, na hata kosa lenyewe sikuwa nimelifanya.

Binti yangu alirudi Jumamosi mchana. Pacha nilikuwa nimewapeleka tena kwa jirani. Aliingia akivuta sanduku, akaniamkia, akanibusu shavuni, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango kuvua viatu.

"Dawa zilitosha?"

"Zilibaki nne. Nikaenda duka la dawa."

Mikono yake ikasimama. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Nilikuwa nimeiweka nakala ya faili mezani, chini ya bahasha ya kaki, na niliona macho yake yakienda pale na kukaa pale. Hakuuliza ni nini.

"Nilipanga kukwambia," alisema mwishowe.

"Lini?"

"Wakianza shule."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya kurudisha kitu alichoazima. Nadhani hata yeye alilisikia likitoka, kwa sababu aliinamisha kichwa.

"Msichana alikuwa ameshaniambia anaondoka," alisema. "Baba yao hayupo. Zamu zinaanza saa moja. Nilikuwa nazama, mama. Na nilikuomba."

"Uliniomba lini?"

"Mara mbili. Nilikuomba uniangalizie watoto asubuhi. Ukasema asubuhi zako zimeshaolewa."

Nilikumbuka. Nilikuwa nikifunga kamba za raba, na nilikuwa nimesema kwa kicheko, mimi na mdomo wangu, nikatoka. Sikuwa nimetazama uso wake. Hilo ni langu, nimelibeba tangu siku ile na sijalitua.

"Ungeniomba mara ya tatu," nilisema.

"Ungecheka mara ya tatu."

Nje, watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani, ule mdundo wa kujirudia. Nilimuuliza jambo moja tu nililokuwa nimelala nalo siku nne. Yeye anajua msuli unakufaje. Ndiyo kazi yake, anawageuza wagonjwa kitandani kila siku. Aliniona nikishika meza ili niinuke. Alinifunga bandeji. Aliwezaje, jioni ya siku ile ile, kuijaza tena bahasha?

Kiatu kilikuwa bado mkononi mwake.

"Kadiri siku zilivyozidi kwenda ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema," alijibu. "Nilikuwa nikiogopa kukuangalia ukitembea."

"Dereva wa treni hawezi tena kuchana nywele," nilimwambia.

Akaniangalia. Hakujua ninazungumzia nini, na hilo ndilo lililonikata maini kuliko vitamini, kuliko machozi ya siku ile sebuleni. Kwake yeye, alichokichukua kilikuwa asubuhi za mama yake tu. Ni kama alidhani asubuhi zile hazikuwa na watu ndani yake.

Watu niliowasimulia hungoja niseme kwamba nilifungasha virago. Sikufungasha. Sikuwa na miguu ya kunipeleka popote, na pacha hawakuwa na kosa. Nilimwambia kuanzia Jumatatu nitatoka alfajiri na kurudi saa tatu, na kati ya saa hizo asinipangie jambo lolote, hata nyumba ikiwaka. Alitafuta msichana mwingine wa kazi. Aliomba kubadilishiwa zamu, akabadilishiwa. Mambo ambayo hayakuwezekana kwa miezi kumi na minne yaliwezekana kwa siku tisa.

Nilianza na ngazi. Wiki ya kwanza ghorofa moja, kushuka na kupanda, pacha wakinitangulia na kunisubiri kwenye kila kona wakisema, "Bibi, jikaze." Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo nilifika uwanjani nikazunguka nusu. Nilizoea tena kutembea, kuinama, kubeba ndoo. Kukimbia hakukurudi. Daktari aliniambia waziwazi kwamba katika umri wangu kilichopotea kwa muda huo hakirudi chote, na alinitazama usoni mimi mwenyewe alipokuwa akisema, nikamshukuru kwa hilo.

Kwa dereva wa treni nilikwenda mara tatu kwa wiki na taulo. Tulianza upya kabisa, mkono ukiwa mzito kama gogo lililolowa. Aliwahi kuufikisha kifuani. Mwaka wa pili alipata homa ya mapafu, akafariki mkono ukiwa haujafika begani. Msibani mkewe aliniweka karibu naye, na nilikaa pale nikipokea pole ambazo sikustahili.

Mimi na binti yangu tunaongea. Tunacheka hata. Ni mtu mwema, wagonjwa wake wanampenda, na sijawahi kumsikia akijitetea tena tangu Jumamosi ile. Aliniomba msamaha mara nyingi kwa njia nyingi, kwa maneno na kwa vitendo, na kila mara nilimwambia yamekwisha. Lakini akiniambia nje mvua inanyesha, nasogea dirishani kutazama.

Mwaka jana, asubuhi moja ya baridi, alitokea uwanjani bila kualikwa. Tuko kumi na wanne sasa, fundi cherehani akiwa kiongozi wa mstari wa mbele, na pacha siku za likizo huja kukimbia pembeni. Binti yangu ana miaka arobaini na minne. Kuinua wagonjwa kumemharibia mgongo, na amenenepa kiunoni kwa namna ya watu wanaokula wamesimama. Alikuwa amevaa suruali ya zamani na fulana ya kazini. Akajipanga mstari wa nyuma kabisa, kati ya wazee wawili.

Nilipuliza filimbi. Tulianza na shingo, mabega, kiuno. Tulipofika kwenye kuchuchumaa nilipita kati ya mistari kama kawaida yangu, nikiwarekebisha. Huyu nilimsukuma mgongo kwa kiganja ukanyooka. Huyu nilimshika bega likashuka. Fundi cherehani nilimpiga kofi la kiuno, akanitukana, watu wakacheka.

Nikafika kwake. Alikuwa amechuchumaa vibaya, magoti yameingia kwa ndani, jasho likimtiririka pembeni mwa sikio. Aliona raba zangu zikisimama mbele yake, na hakuinua uso. Alibaki vile vile, miguu ikimtetemeka, akisubiri kama wanavyosubiri wote.

"Magoti," nilisema. "Yafungue kwa nje."

Akayafungua. "Hivi?"

"Kidogo tena."

Akasogeza kidogo tena.

"Hapo panatosha," nilimwambia, mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo, nikasogea kwa aliyefuata.